Core au Essential? Kumchagulia mwanafunzi Hisabati ya Gredi ya 10

Mwanafunzi wa Gredi ya 9 mjini Kisumu, Nakuru au Kakamega anapochagua shule ya Sekondari Pevu, nyumba nzima huangalia jina la shule. Hisabati haijadiliwi sana, kwa kuwa kila mtu amesikia kwamba ni lazima. Ni lazima kweli. Ila Hisabati zenyewe ni mbili. Anayeingia mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) anasoma Core Mathematics. Anayeingia Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo, amepangiwa Essential Mathematics. Kwa hiyo aliyechagua mkondo amekwisha kuchagua na Hisabati, ajue asijue, na miaka mitatu baadaye Hisabati hiyo itampa nafasi katika baadhi ya kozi na kumnyima nyingine.

Msimamo wetu ni kwamba kozi anayoitamani mwanafunzi iamue kwanza. Ya pili iwe aljebra yake ya Gredi ya 8 na 9. Alama za jumla zije mwisho kabisa, kwa sababu tutakazoeleza.

Zinapofanana na zinapoachana

Anayefika Gredi ya 10 amebeba mengi kuliko wazazi wanavyodhani. Sekondari Msingi ina vipindi 5 vya Hisabati kwa wiki, na kufikia mwisho wa Gredi ya 9 mwanafunzi amekutana na namba hasi, vipeo na logi, matriksi, mlinganyo wa mstari mnyoofu, kazi na viwango vyake, trigonometria, na takwimu zilizowekwa katika makundi. Matriksi ambazo dada yake wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 alizikuta kidato cha tatu, yeye amezikuta Gredi ya 9. Hakuna Hisabati kati ya hizi mbili inayoanza sufuri.

Zote zimegawanywa katika maeneo matatu: namba na aljebra, vipimo na jiometri, takwimu na uwezekano. Majina mengi ya mada yanafanana, hivyo mzazi akilinganisha kurasa za yaliyomo anaweza kudhani ni kitabu kimoja chenye majalada mawili. Tofauti iko ndani.

| | Core | Essential |
|---|---|---|
| Imepangiwa | STEM yote, pamoja na masomo ya ufundi | Sayansi ya Jamii. Sanaa na Sayansi ya Michezo |
| Aljebra | Iko karibu kila mada, hata ndani ya jiometri | Ya kiasi, ya kutatulia swali la matumizi |
| Kanuni | Itumie, na uonyeshe inatoka wapi | Itumie vizuri na ueleze jibu lina maana gani |
| Inakoelekea | Vekta, kisha kalkulasi | Bei, mikopo, bajeti, vipimo, kusoma takwimu |
| Mazoezi ya nyumbani tunayopendekeza | Dakika 40, siku 5 kwa wiki | Dakika 40, siku 3 kwa wiki |

Tuchukue trigonometria. Mwanafunzi amesimama mita 20 kutoka shina la mkaratusi, anatazama kilele kwa pembe ya digrii 35, na macho yake yako mita 1.5 juu ya ardhi. Tan 35° ni 0.7002. Mara 20 ni mita 14.0. Ongeza 1.5, mti una mita 15.5. Hilo ni swali la mtindo wa Essential, na si jepesi kama linavyoonekana. Wengi husahau kuongeza urefu wa macho. Wengine huwa na kikokotoo kilichowekwa kwenye radiani badala ya digrii: kitatoa 0.4738, na mti utashuka hadi mita 11 hivi bila mwenye kikokotoo kushtuka. Mwalimu mzuri wa Essential anamfundisha mwanafunzi kushtuka.

Swali la mtindo wa Core katika mada hiyohiyo litasema: ikiwa sin 2x = cos (x + 30°), na pembe zote ni chini ya 90°, tafuta x. Hapa kikokotoo hakimsaidii. Lazima ajue kwamba sin ya pembe ni sawa na cos ya pembe inayokamilisha 90°, ndipo aandike 2x + x + 30 = 90, apate 3x = 60, na x = 20°. Tazama vizuri kazi yenyewe: mstari mmoja wa trigonometria na mistari miwili ya aljebra. Anayeanguka kwenye swali hili mara nyingi anaijua trigonometria. Kinachomwangusha ni kuhamisha 30 upande wa pili bila kubadilisha alama.

Upande wa hesabu za biashara, Essential ndiyo inayokaa zaidi. Mfanyabiashara wa samaki anataka friji ya Sh48,000 taslimu. Duka linampa kwa awamu: malipo ya kwanza Sh12,000, kisha Sh4,200 kila mwezi kwa miezi 12. Awamu zote ni Sh50,400, jumla Sh62,400, ziada Sh14,400. Mwanafunzi mwenye haraka hugawanya 14,400 kwa 48,000 na kusema riba ni asilimia 30. Amekosea, kwa sababu Sh12,000 zililipwa siku ya kwanza na hazikukopwa. Deni lilikuwa Sh36,000, hivyo ziada ni asilimia 40 ya deni. Na kwa kuwa deni linapungua kila mwezi, gharama halisi ya mkopo iko juu zaidi ya hapo. Anayedharau somo linalomfundisha kijana kuyaona haya kabla hajatia sahihi anakosea. Tunalisema kwa uzito kwa sababu katika shule kadhaa Essential imeanza kuitwa Hisabati ya walioshindwa, na wanafunzi wanaingia darasani wakiwa wamekwisha kuaibishwa.

Jambo moja dogo kwa wanaohama kutoka shule binafsi zinazofuata mtaala wa Cambridge: katika IGCSE, mtihani wa mtaala huo, Core ndiyo ngazi nyepesi, ambayo alama yake ya juu ni C, na Extended ndiyo inayofika A*. Katika mtaala wetu, Core ndiyo nzito. Ripoti inayosema "Core" isisomwe bila kuuliza ni Core ya wapi.

Kozi kwanza

Kwa vigezo vinavyotumika kwa watahiniwa wa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari wa 8-4-4) hadi sasa, uhandisi unataka Hisabati, Fizikia na Kemia, kila moja C+ au zaidi. Udaktari na uuguzi vinasimama juu ya Biolojia na Kemia, na masomo hayo yako STEM, kwa hiyo Core inakuja nayo. Kozi ya sheria inataka B katika Kiingereza au Kiswahili, na haikai juu ya Hisabati. Ualimu wa Kiswahili na Historia, uanahabari, muziki na theolojia ni kozi ambazo mwanafunzi wa Essential anaziendea bila wasiwasi.

Wanaojikwaa zaidi ni wale wa katikati, na wa kwanza ni mpenda biashara. Business Studies imewekwa katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Mtoto anayetaka kusomea Biashara Maseno au Egerton anaona jina la somo, anachagua mkondo, na Essential inaingia kimya. Lakini vyuo vikuu vimezoea kudai alama nzuri ya Hisabati kwa shahada ya Biashara, na uchumi, takwimu na sayansi ya bima ni Hisabati kuliko biashara. Kwa mtoto huyu tungetafuta kwanza mseto wa STEM wenye Business Studies pamoja na masomo mawili ya sayansi au kompyuta. Usipopatikana katika shule anayoitaka, mwulize mwalimu mkuu, kabla ya kuchagua, kama ratiba inamruhusu mwanafunzi wa Sayansi ya Jamii kukaa katika darasa la Core. Taka jibu la ndiyo au la, wala usiridhike na "tutaona".

Wa pili ni mpenda ufundi. Wazazi wengi wa Nakuru na Kakamega hudhani kijana anayetaka umeme, ujenzi au makanika ameepuka Hisabati nzito. Masomo hayo yako STEM, na Core imo. Vivyo hivyo Kilimo, Home Science na Computer Studies. Msichana wa Njoro anayependa mifugo na anapanga kusomea kilimo atakutana na Core kama yule anayetaka kuwa mhandisi. Hili halipaswi kumfukuza. Linapaswa kumwandaa.

Na kama aljebra yake imelegea kabisa lakini mikono yake ina ufundi, njia ya chuo bado iko wazi. Vyuo kama Sigalagala na Kisumu National Polytechnic hupokea kwa ngazi. Kwa watahiniwa wa KCSE, cheti cha kraft kinaanzia D na diploma C-, na fundi wa ngazi ya chini huingia na alama ndogo zaidi, kisha hupanda. Ni safari ndefu lakini ina mwisho.

Wa tatu hana kozi kichwani bado, na akiwa na miaka 14 au 15 hilo si kosa. Huyu, kama aljebra yake inakubali, tungempeleka Core. Mwanafunzi wa Core anaweza kugeukia sheria au ualimu wa lugha baadaye. Mwanafunzi wa Essential hawezi kugeukia uhandisi.

Kupima aljebra nyumbani

Uchaguzi wa shule hufanywa kabla ya matokeo ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, kutoka, kwa hiyo usiyangoje. Hata yakija, kiwango peke yake kinaficha mengi. Kwa mfano, kiwango cha ME2 ni alama 41 hadi 57 kwa mia, pointi 5. Mwenye 42 na mwenye 56 wanapewa pointi sawa, na hao ni wanafunzi wawili tofauti kabisa mbele ya Core. Tena pointi 5 za Hisabati zinaweza kuwa zimebebwa na takwimu na vipimo huku aljebra ikiwa imekufa. Ndiyo sababu tunaweka alama za jumla nyuma.

Mpe mwanao karatasi, kalamu na dakika 30, bila kikokotoo. Aonyeshe kazi yote.

1. −3 − (−8) + 2 × (−4)
2. Fungua mabano: (x + 3)²
3. x/3 + x/4 = 7, tafuta x
4. 3(x − 2) = x + 8, tafuta x
5. 2³ × 2⁴ ÷ 2⁵
6. Mstari unapita (2, 3) na (6, 11). Andika mlinganyo wake.
7. Watu 6 wanapalilia shamba la mpunga Ahero kwa siku 10. Watu 15 wenye kasi ileile watachukua siku ngapi?
8. Basi linakwenda kilomita 60 kwa mwendo wa 40 km/h, na kurudi njia ileile kwa 60 km/h. Wastani wa mwendo wake ni upi?

Majibu: −3; x² + 6x + 9; 12; 7; 4; y = 2x − 1; siku 4; 48 km/h.

Jibu lililokosewa lina habari nyingi kuliko lililopatwa, kwa hiyo soma makosa. Katika la 2, x² + 9 ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Mchoree mraba wenye upande x + 3, aukate vipande vinne: x², 3x, 3x na 9. Akiona zile 3x mbili kwa macho yake kosa hupona, na asipoziona litamfuata hadi Gredi ya 12. Katika la 3, aliyeandika 2x/7 anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Tatizo lake ni sehemu za shule ya msingi, na Core haitasimama kumfundisha. Katika la 7, aliyepata siku 25 amezidisha bila kujiuliza kama watu wengi wanachelewesha kazi. Katika la 8, karibu kila mtu huandika 50. Kwenda ni saa 1.5, kurudi saa 1, kilomita 120 kwa saa 2.5 ni 48. Kosa hilo halitutishi.

Makosa katika la 1 hadi la 5 yana uzito zaidi ya yale ya la 7 na la 8. Kipimo tunachotumia ni hiki: aliyepata yote matano ya kwanza, au manne, yuko tayari kwa Core. Aliyepata matatu anaiweza kama atafanya kazi likizo nzima ya Disemba, kila siku, aljebra tupu. Aliyepata mawili au chini, na kozi anayoitaka haidai Core, atasoma vizuri zaidi Essential. Aliyepata mawili na anataka udaktari anahitaji mwalimu wa kukaa naye leo, kwa kuwa kumsukuma Core hivyohivyo ni kumwachia mzigo asioweza kuubeba.

Shule unayoichagua

Si kila shule ina mikondo yote mitatu. Shule kubwa zilizokuwa za kitaifa na za kaunti huwa nayo. Shule nyingi ndogo za kutwa zina STEM na Sayansi ya Jamii pekee. Jina la shule halikuambii Core inafundishwaje humo. Uliza walimu wa Hisabati ni wangapi, na kama Core na Essential zina walimu tofauti au mmoja anabeba zote. Uliza pia kama vipindi vya Core na Essential vimewekwa saa moja kwenye ratiba. Vikiwa saa moja, mwanafunzi anayehitaji kuhama anabadilisha chumba tu. Visipokuwa, kuhama kunavuruga masomo mengine yote.

Kuhusu kuhama kwenyewe, kuna maneno yanayorudiwa kwamba "aanze Core, ikimshinda atashuka". Nusu ni kweli. Kwa upande wa Hisabati, kushuka muhula wa kwanza ni rahisi kwa sababu mada zinagusana. Lakini STEM inadai Core, kwa hiyo kuacha Core ni kuacha mkondo, na masomo matatu ya kuchagua nayo huenda yakabadilika. Aliyekuwa anasoma Fizikia na Kemia anajikuta Mei anaanza Historia ambayo wenzake wameisoma muhula mzima. Kupanda kutoka Essential ni kugumu zaidi: kila wiki inayopita darasa la Core linajenga juu ya lile lililojengwa wiki iliyotangulia, na baada ya muhula mmoja pengo halizibwi na masomo ya Jumamosi.

Core ikianza, tazama hapa

Mahali panapovunja wengi mapema ni logi za namba ndogo kuliko 1. Chukua kipeuo cha tatu cha 0.045. Kwanza 0.045 ni 4.5 × 10⁻². Logi ya 4.5 kwenye kitabu cha majedwali ni 0.6532, kwa hiyo logi ya 0.045 ni −2 + 0.6532. Mwanafunzi huandika −2.6532, na hapo ameshapotea, kwa sababu ile 0.6532 ni chanya. Ndiyo maana tunaweka mstari juu ya 2 peke yake. Kisha kugawanya kwa 3: −2 haigawanyiki sawasawa, kwa hiyo geuza iwe −3 + 1.6532. Gawanya, upate −1 + 0.5511. Rudi kwenye jedwali: 3.557, na kwa −1 inakuwa 0.3557. Ahakikishe kwa 0.3557 × 0.3557 × 0.3557, atapata 0.0450. Anayeweza kueleza kwa maneno kwa nini tuligeuza −2 kuwa −3 ameielewa mada. Anayekariri hatua ataisahau wiki mbili baadaye.

Mahali pa pili ni milinganyo ya kwadrati yenye maneno. Bustani ina urefu unaozidi upana kwa mita 5, na eneo lake ni mita 84 za mraba. x(x + 5) = 84, yaani x² + 5x − 84 = 0, yaani (x + 12)(x − 7) = 0. Wengi hugawanya pande zote kwa x mwanzoni, au husahau kuleta 84 upande wa kushoto na kuandika x = 84. Waliofika mwisho nao huacha majibu mawili, −12 na 7, bila kusema upana hauwezi kuwa hasi. Upana ni mita 7, urefu 12.

Kwa mazoezi, karatasi za KCSE za Hisabati (namba ya somo 121) bado zina faida kubwa kwa mwanafunzi wa Core. Kila karatasi ni saa 2 na nusu, alama 100: sehemu ya kwanza maswali 16 ya alama 50, ya pili maswali 8 ambayo mtahiniwa huchagua 5 ya alama 10 kila moja. Zitaendelea kutungwa hadi kundi la mwisho la 8-4-4 mwaka wa 2027. Usimpe karatasi nzima, kwa kuwa mpangilio wa mada ni tofauti. Kata maswali kwa mada: wiki ya logi, logi tupu kutoka karatasi za miaka sita. Mwanafunzi wa Essential azitumie kwa hesabu za biashara, takwimu na vipimo, aache mengine.

Wiki ya sita ya muhula wa kwanza, fungua daftari la Core. Ukiona majibu sahihi yenye mistari miwili ya kazi pale panapohitaji sita, anakopi. Ukiona kazi ndefu yenye makosa ya alama za kutoa na kujumlisha, anajifunza, na mwalimu wake anaweza kumnyoosha. Ukikuta kurasa tupu baada ya mada ya kwadrati, nenda shuleni wiki hiyohiyo, muhula ungali unaruhusu kubadilisha mkondo.